Dari ya Kitambaa Chekundu

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimeshiba mpaka napumua kwa shida, kwa hiyo mwandiko ukilala usishangae.

Kazi inaendelea. Wiki hii nimekagua mizani za maduka kumi na manne. Mwenye bucha mmoja kaniapia kwa watoto wake wote sita kwamba mizani yake haijawahi kusema uongo, huku kipande cha chuma kimebandikwa kwa gundi chini ya sahani. Nimeifungia, na yeye bado anaapa.

Ila leo nakuandikia habari za tumbo. Unajua udhaifu wangu kwa vyakula vya Waasia tangu nikiwa chuo. Tangu nihamishiwe huku nimeusaka mji mzima kama mtu aliyeibiwa. Nilianza na mkahawa mkubwa wa barabara kuu: samaki wa rangi kwenye tangi, majoka ya dhahabu ukutani, viti vya velveti. Wewe na mapenzi yako ya mapambo ungelia kwa furaha. Mimi nililia kwa sababu wali ulikuwa wa jana na mchuzi una ladha ya sabuni. Nikaenda kwa Mhindi aliye juu ya benki. Mishumaa, muziki laini, leso zimekunjwa kama bata. Chakula, hamna kitu. Nikajiwekea kanuni: nikiona vioo vingi, napita.

Jumanne nilimaliza ukaguzi kiwanda cha sabuni, njaa inaniuma. Nyuma yake kuna uchochoro wa mafundi wa matairi. Nikaona magari matatu ya familia za Kichina yameegeshwa kwenye matope. Nikajisemea, hawa hawakuvaa nguo nzuri kuja kununua tairi. Nikawafuata.

Kibao hakuna. Ndani kuna meza saba za mbao tupu, viti vya plastiki visivyofanana hata viwili, na kuta za saruji zisizojua rangi. Dari hakuna, unatazama mabati moja kwa moja. Hata kalenda hakuna. Mlango wa mbele uko wazi na wa nyuma uko wazi, na upepo unakupita katikati. Mpishi ni mama wa Kichina, miaka sitini na kidogo, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha bosi wangu. Wateja wanamwita Mama Mvuke.

Aliniletea vifuko vya unga vya kupikwa kwa mvuke. Nikauma kimoja, mchuzi wa moto ukanimwagikia mdomoni kutoka ndani yake, na Baba, nilishtuka. Nilijiziba mdomo nikatazama huku na huku kama mtu aliyefumaniwa. Kisha zikaja tambi alizozikanda na kuzivuta kwa mkono mbele yangu. Nikanyamaza dakika nzima, na unajua mimi na kimya hatujuani. Fundi wa matairi mmoja akaniuliza, "Dada, unaumwa?" Nikamwambia, "Hapana kaka. Nimegundua tu kwamba siku zote nilikuwa nakula karatasi."

Mwezi ujao ukija kwa daktari wa masikio, nitakupeleka. Utatazama paa lile uugue, kisha utakula upone.

Binti yako,
Kidomo


11 Machi

Kidomo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, ingawa sauti yenyewe siisikii. Kiuno kinanisumbua kidogo, lakini madawati ya shule yamekwisha na mwalimu mkuu ameyakalia mwenyewe kuyajaribu.

Unanichokoza kwa mambo ya dari. Mapambo niliyaacha ungali mtoto, lakini bado nasema mtu akikaa mahali pazuri hata maji ya kunywa yanateremka vizuri.

Nyuma ya kiwanda cha sabuni, unasema. Ni kile chenye bomba la moshi la matofali? Niliwahi kupita mji huo zamani, kazi ndogo tu, ya wiki chache. Huyo mama ana mume? Yuko hapo tangu lini? Na huo mlango wa nyuma, kwa nini anauacha wazi?

Nauliza tu. Wewe kula, ila usizoee sehemu moja. Mji ni mkubwa.

Baba yako


19 Machi

Baba,

Shikamoo. Tangu lini ukaulizia waume za watu? Mama angekuwepo, leo ungelala sebuleni.

Ndiyo, ni kile chenye bomba la matofali. Na huyo mama ni mjane. Nilimuuliza kwa kuzungukazunguka, kama ninavyowauliza wenye mizani. Yeye na mumewe walikuwa na mkahawa mtaa wa juu. Uliungua miaka ishirini na sita iliyopita, mume akafia ndani. Alikunja mkono wa blauzi akanionyesha: ngozi imekunjamana kutoka kiwiko mpaka vidole, na vidole hivyo hivyo ndivyo anavyovutia tambi. Nikamwambia basi walau apige rangi, apaweke pachangamke. Akasema, "Mapambo yalimla mume wangu," akarudi jikoni.

Mlango wa nyuma ndio kitu cha kwanza anachofungua asubuhi. Anaukingia jiwe. Mtu akijaribu kuufunga kwa ajili ya vumbi, anachapwa mkononi kwa mwiko, awe mteja au mwenye nyumba.

Nilimwambia baba yangu alikuwa fundi wa mapambo ya mikahawa, tena fundi kweli. Nilidhani atakasirika, kumbe akacheka. "Mwambie aje nimlishe, ila nyundo aiache nyumbani." Akaniuliza unafananaje. Nitampelekea ile picha umenibeba mabegani, umevaa bwelasuti ya kazi na penseli sikioni.

Kidomo


25 Machi

Binti yangu,

Usiende tena kwa huyo mama. Usimpe picha yangu. Mahali pasipo dari kutu ya bati huanguka chakulani, na wewe ni mkaguzi, unapaswa kujua hilo.

Mwezi ujao siji. Masikio nimeshayazoea yalivyo.

Barua hii ikifika, jibu siku hiyo hiyo.

Baba


31 Machi

Baba,

Barua yako imechelewa. Picha ameshaiona.

Nilimpa Alhamisi, saa saba mchana, watu wamejaa mpaka wengine wanakula wamesimama. Aliifuta mikono, akaishika kwa ncha za vidole kama kitu cha moto. Akaitazama picha, akanitazama mimi, akaitazama tena. Akauliza, "Huyu ndiye baba yako? Yuko hai?" Nikasema yuko hai sana, anatengeneza madawati na kulalamika kiuno. Akauliza tena, "Yuko hai?"

Akazima moto. Baba, alizima majiko yote matatu, watu wanasubiri, sufuria zinachemka. Akasema, "Leo basi. Nendeni." Mafundi wa matairi walidhani utani. Alisimama pale pale mpaka wa mwisho alipotoka, nami nikatolewa pamoja nao. Picha amebaki nayo. Nimepita siku nne mfululizo, na mlango wa mbele umefungwa.

Mwanzoni barua yako ilinikasirisha. Nilisema kumbe Baba ana wivu na ukuta mtupu, au kumbe Baba ni mtu wa kubagua Wachina na miaka yote sikumjua. Sasa sijui niseme nini.

Anakujuaje? Usinipe habari za kutu ya bati.

Kidomo


7 Aprili

Binti yangu,

Nimechana barua tano kabla ya hii.

Mkahawa ule niliupamba mimi. Ulikuwa na miaka mitatu. Mume wake alikuwa mpishi, mtu mwembamba wa kucheka hovyo, na alikuwa akinilisha kila mchana kabla hajala yeye. Walitaka kupaka rangi tu na viti vipya. Mimi nikawashawishi. Nikawaambia watu hawaji kwa ajili ya tambi, watu wanakuja kwa ajili ya mandhari. Nikawawekea dari ya kitambaa chekundu, mikunjo kwa mikunjo, na juu yake nikaficha taa ndogo sitini ili kitambaa kiwake kama jua linalochomoza. Kazi ya umeme haikuwa yangu, lakini nilijifanya najua.

Ukumbi ulikuwa na milango miwili, wa mbele na wa uani. Wa uani ulikuwa mchakavu. Mpishi akaniambia, "Fundi, huu tusiuzibe." Nikamjibu, "Unaharibu sura ya ukumbi." Nikaupigilia mbao na juu yake nikaweka kioo, ukuta mzima. Alikitazama kile kioo akasema kweli, pamependeza.

Siku ya kuwasha taa mara ya kwanza ilikuwa asubuhi, saa nne. Wao walikuwa jikoni, na jiko lile halikuwa na njia nyingine ila kupitia ukumbini. Nikapanda ngazi, nikawasha. Kilipendeza, Kidomo, nisikudanganye. Kisha nikaona doa la kahawia kwenye mkunjo mmoja, kama chai iliyomwagika. Doa likakua. Niliruka kutoka kwenye ngazi, na kabla sijafika mlango wa mbele dari nzima ilikuwa inawaka. Nilitoka. Sikumwita mtu. Sikurudi hata nyumba ya wageni kuchukua begi. Nilikwenda mpaka kituo cha basi nikiwa na bwelasuti mwilini.

Kesho yake, njiani, nikasikia redioni: mpishi amefariki, na chanzo ni karai la mafuta aliloliacha motoni. Nikanyamaza. Siku ya kwanza nilinyamaza kwa hofu. Baadaye nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshanyamaza. Mama yako nilimwambia mapambo hayalipi, nikaanza madawati.

Mama yako alikufa hajui. Wewe ndiye mtu wa kwanza.

Baba yako


13 Aprili

Baba,

Nimesoma. Nimeisoma ofisini, na siku ile nimesoma vibaya mizani tatu, mpaka bosi akanirudisha nyumbani.

Nilikuwa nikijivunia wewe mbele yake. Nimekaa kwenye meza yake nikala, nikalamba vidole, nikimsifia mtu aliyemzibia mumewe mlango. Nashindwa hata kulia vizuri.

Jana nilibisha mlango wa nyuma mpaka akaja. Sikuwa na maneno yangu, nikamsomea barua yako neno kwa neno, tumesimama. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Kaa. Kalamu unayo. Mimi sijui kuandika kwa herufi zenu, nitasema, wewe uandike. Usipunguze, usiongeze."

Hiyo hapa chini ndiyo barua yake. Mengine nimeyajua wakati naandika.

Kidomo


Fundi,

Binti yako anaandika, mimi nasema.

Mimi nilijua umekufa. Zimamoto waliniambia hapana, huyo atakuwa amekimbia. Niliwafokea. Nilisema mtu anayekunja kitambaa kwa upole vile hawezi kukimbia akaacha watu ndani. Begi lako lilikuwa nyumba ya wageni. Nani anakimbia bila begi? Ndani yake nilikuta kiatu kidogo cha mtoto, kipya, kimefungwa kwenye gazeti. Nikajua una mtoto. Jina lako la ukoo sikulijua, mji wako sikuujua, wote tulikuita Fundi. Nilizunguka na kiatu kile nikiuliza kwa mwaka mzima. Miaka ishirini na sita nimekuwa nikifikiri kuna mtoto mahali anamsubiri baba yake, na baba yake kafia kwangu. Mtoto huyo kaja mwenyewe kula, akaniambia baba yake analalamika kiuno.

Sasa sikiliza usilolijua. Mume wangu alikuwa ametoka. Tulitoka wote wawili kwa mlango wa mbele, mimi mkono unawaka. Alikuwa salama, amesimama barabarani, ananimwagia maji. Akatazama huku na huku, akasema, "Fundi yuko juu ya ngazi." Nilimshika shati. Shati lilichanika, kipande kikabaki mkononi mwangu. Akarudi ndani kukutafuta, akikuita. Mimi nikazimia. Dari ikaanguka ikaziba mbele, akakimbilia nyuma. Walimkuta chini ya mbao zako.

Hakufa kwa mafuta. Jiko lilikuwa bado halijawashwa asubuhi ile. Nililisema hilo, hawakuniamini, fundi wa kuthibitisha hayupo. Mwanangu wa kiume alikua akiambiwa shuleni kwamba baba yake alijichoma kwa uzembe. Alipopata nauli akaondoka, haandiki.

Usiniombe radhi kwa barua. Nenda kwanza kwa zimamoto, useme ilikuwa taa, useme mlango uliuziba wewe, uweke sahihi yako. Kisha uje.

Mama wa hapa, unayemjua


14 Aprili

Baba,

Nimeshaifunga bahasha, nimeifungua tena kuongeza hiki. Kiatu amekihifadhi. Kilikuwa changu. Ameniwekea mapajani na mimi nikakitazama kama kitu kilichotoka kaburini.

Ukija mjini usinitafute. Bado siwezi kukuona. Nenda ulikoambiwa.

Kidomo


2 Mei

Kidomo,

Nimetii, sikukutafuta, ingawa nilipita mbele ya ofisi yako nikaona mwavuli wako mlangoni. Nakuandikia nikiwa nimerudi nyumbani.

Zimamoto walinizungusha siku mbili. Karani alisema faili ni la zamani kuliko yeye, akaniuliza kwa maandishi kama akili yangu iko sawa. Nikamwandikia kwamba nataka maelezo yangu yapokelewe, na sitoki. Mwishowe akaja ofisa mwanamke, akatafuta faili mwenyewe. Nimeandika kurasa nne. Taa, waya, mbao, kioo, jina langu kamili. Aliposoma alitazama mikono yangu muda mrefu. Akaandika kwamba nitaitwa, na huenda nisirudi nyumbani siku hiyo. Nikaandika chini: nitakuja. Nakala moja yenye mhuri nilipewa.

Nikaenda kwa Mama Mvuke mchana. Sikuelekezwa na mtu, harufu ilinifikisha. Amefungua tena, na watu walikuwa wengi. Aliniona kutoka jikoni akanijua, na mimi nikamjua, ingawa tumezeeka. Nilimpa ile nakala. Akampa mwalimu mmoja aliyekuwa anakula amsomee. Sikusikia anavyosoma, niliona midomo tu, na niliona meza moja baada ya nyingine wanaacha kula na kunigeukia. Mafundi wa matairi walisimama. Mmoja alinishika kola. Mama alimwonyesha kwa mkono aniache.

Nakala aliikunja, na mwalimu akaniandikia kwamba mama atatafuta anwani ya mwanawe mpaka aipate, ampelekee. Kisha mama alitaka karatasi nyingine, akamwambia mwalimu aandike, wakanisogezea. Ulikuwa mstari mmoja: "Ulimsikia akikuita?"

Kidomo, kuna jambo sikukuandikia. Siku ile masikio yangu yalikuwa mazima. Nilikuwa nimeshavuka barabara. Nilimsikia. Aliita mara tatu. Nilidhani wamejua ni taa zangu, wananiita ili wanikamate, nikakaza mwendo. Siku zote nimejiambia ananifukuza. Mpaka barua yake iliponiambia alikuwa ndani, ananitafuta, sikuwa na habari. Niliposoma pale nilianguka kwenye vumbi la mbao, na jirani ndiye aliyeniinua.

Ningeweza kumwandikia hapana. Nani angejua? Nikaandika: Nilimsikia.

Nilisubiri anipige, au awaachie wale mafundi. Hakufanya hivyo. Alivuta kiti akakaa mbele yangu, karibu mpaka magoti yetu yakagusana, akasema na mwalimu akaandika: "Wewe ndiye mtu wa mwisho kuisikia sauti yake. Mimi nimeisahau. Picha ninazo, sauti sina. Alikuitaje?"

Nikasimama. Sijui kwa nguvu gani, maana sauti yangu mwenyewe siisikii, lakini niliita kama alivyoita yeye: "Fundiii!" Watu waliruka vitini. Mwanamke mmoja aliangusha bakuli likavunjika, sikulisikia, nililiona tu. Mama Mvuke hakushtuka. Aliinua kidole kimoja: tena.

Nikaita tena.

Mara ya tatu alikuwa amefumba macho, na midomo yake ilikuwa inatembea pamoja na yangu.

Baba yako